Ngiri ya Baba Neema

Jumatatu, 3 mwezi wa pili
Asubuhi nimemufunga tena bwana yangu kinena kwa kipande cha mupira wa gurudumu. Alijifunza ile kule Kilo, wakati alichimba zahabu. Ngiri imeingia ndani ya tumbo. Ameenda depo kubeba simenti.

Jumatano, 5
Kwa dokta. Hapa Bunia wanapasua kwa kisu: mukato moja, wanaganzisha pale tu, wanaweka wavu wa kuzuia ngiri. Kampala wanapitisha kamera kwa vitundu vitatu. Unalala usingizi kabisa, lakini maumivu ni kidogo na unarudia kazi haraka. Alisema yote mbili inafunga muzuri. Alisema pia Baba Neema asibebe tena. Mimi nilisikia kamera tu.

Alhamisi, 6
Tumegombana. Yeye anataka ya hapa. "Mama Neema, tumalize tu." Nimekataa. Baba yangu alipasuliwa vile, akatembea ameinama wiki na wiki. Sitaki kuona ile tena. Binamu yangu wa Kampala atatutafutia nafasi. Nimeshinda. Niko na kichwa ngumu, najua.

Jumatatu, 17
Kampala bado. Anabeba simenti na mupira wake. Nimemukaripia, akacheka. Ati akilala inaingia, shida iko wapi? Nikamufunga.

Ijumaa, 21
Tumbo lilimuuma tangu asubuhi. Alizani ni mupira unabana, akaendelea kubeba. Saa sita wamemuleta nyumbani anatapika. Nimefungua. Ngiri ngumu kama ngumi, ngozi imegeuka rangi. Haiingii. Pikipiki mpaka hospitali. Dokta yule yule. Anasema utumbo umenyongwa, kipande kimekufa. Wamemupasua kwa kisu, mukato murefu. Naogopa sana.

Jumapili, 23
Baba Neema amekufa. Asubuhi, mbele ya misa kuanza.

Jumatano, 26
Tumezika jana. Watu wanasema ni mapenzi ya Mungu. Hapana. Ni mimi nilisema tungoje.

Jumanne, 11 mwezi wa tatu
Jirani yangu Mama Grase amekuja na bwana yake. Yule bwana pia iko na ngiri. Wamesikia habari ya kamera ya Kampala. Mama Grase ameona haya kuniuliza, lakini ameuliza: kati ya zile mbili, muzuri ni gani?

Nimesema, ile iko karibu.

Nimevaa kitambaa changu cheusi, nimewapeleka kwa dokta. Tumekaa kwenye benchi siye watatu, mpaka wakaita jina la bwana yake.