Kuponi Zimegoma, Mama Mkwe Yuko Nyuma Yangu

Shoga, nimechoka. Mwili na roho.

Nimetoka supamaketi sasa hivi. Zile kuponi za kwenye simu, za maziwa na mafuta, zimegoma. Keshia ananiambia, "Dada, muda wake uliisha jana." Foleni nzima imenikodolea macho.

Nikaanza kurudisha vitu. Mafuta. Sabuni. Nashika maziwa ya mtoto niyarudishe, nasikia nyuma yangu: "Yaache hapo hapo, mwanangu."

Mama mkwe! Mama mkwe, shoga! Kumbe alikuwa kwenye foleni muda wote.

Akatoa simu yake, imejaa kuponi tele. Yeye! Akalipia vyote. Tulipofika nje ndipo akauliza, "Mume wako bado ana kazi?"

Na tulivyomficha miezi yote hii! Nikashindwa kudanganya. Nimelia pale kwenye matoroli, watu wanapita.

Akanishika mkono. "Mwambie aje aniambie mwenyewe. Sitamgombeza. Baba yake alipoachishwa kazi, mimi nilificha hivi hivi, nikakonda bure."

Sasa nimesimama mlangoni kwetu na mifuko. Namsikia mume wangu ndani anambembeleza mtoto.

Naingia, shoga. Kuficha nako kunachosha.