Komeo la Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua shuka nane. Nimewakata kucha wazee wote isipokuwa nkambo Petelo, babu yetu kipofu kutoka kisiwa cha Kilwa hapa ziwani. Anamtaka Solange, mtumishi mpya. Miaka minne namhudumia mimi, na huyo Solange katoka Pweto juzijuzi tu. Naona wivu. Nauandika hapa kwa sababu siwezi kuusema.

Jumatano, 5 Machi
Mkaguzi wa leseni amepiga simu. Ba Mwansa, mwenye nyumba hii ya wazee, alikuwa ameenda Kafutuma, kwa hiyo Solange ndiye aliyepokea. Sauti ya simu ile ni kubwa. Nilisikia yote nikiwa jikoni. Mkaguzi kasema kwa Kibemba: mlango wa nyuma, isuleni. Yaani fungueni, uwe wazi wakati wote, wazee wapate pa kutokea moto ukiwaka.

Solange kaandika kwenye daftari: wanasema tufunge mlango wa nyuma. Amesikia isaleni, yaani fungeni! Herufi moja tu. Kibemba chake cha sokoni.

Mimi nimezaliwa Nchelenge, kwa wenye Kibemba. Nilijua palepale. Nikaendelea kutoa mchanga kwenye chisense, dagaa wetu. Najua pia kwamba tukikosa leseni wazee watatawanywa, wengine kwa ndugu wasiowataka.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi aliyeitwa na Solange kaleta komeo la chuma na kufuli. Ba Mwansa kadhani ni kwa ajili ya wezi. Kamsifu mbele ya wote: “Solange, uko na akili!”

Neno lilikuwa mdomoni. Nimelimeza. Nataka aumbuke.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani. Sikuomba kitu.

Jumatatu, 10 Machi
Mkaguzi kafika saa nne. Kaenda moja kwa moja mlango wa nyuma. Kufuli. Ufunguo alikuwa nao Solange, na Solange alikuwa ufukweni kununua samaki. Mkaguzi kasimama akitazama saa yake mpaka aliporudi. Hakukagua chumba chochote. Leseni hakuna. Anarudi Ijumaa, mara ya mwisho.

Solange kalia mbele ya Ba Mwansa. “Ni mimi nilisikia mubaya. Musikasirikie mutu mwingine.” Halafu kanigeukia. “Dada, weye unajua Kibemba. Ulikuwa karibu. Haukusikia?”

Nikasema sikusikia.

Nilidhani nitafurahi.

Jumanne, 11 Machi
Solange kafukuzwa. Kabeba mfuko mmoja, kaenda Mununga kwa shangazi yake. Kaniaga vizuri. Heri angenitukana.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeling’oa komeo mwenyewe. Kisha nimemwambia Ba Mwansa ukweli: nilisikia, nikanyamaza. Kasema, “Kesho mukaguzi anakuja, na niko na mutumishi mumoja tu. Rudi ku kazi.”

Basi. Hata kufukuzwa sikupata. Nimeomba namba ya huyo shangazi. Kasema hana.

Ijumaa, 14 Machi
Tumepita. Leseni iko ukutani. Wazee wanabaki wote.

Jioni nimewalisha peke yangu. Nkambo Petelo kaniuliza Solange amekwenda wapi. Nimemwambia amefukuzwa, na kosa ni langu, nilimwonea wivu kwa sababu nkambo alimtaka yeye. Kageuza uso. Ugali ulikuwa unapoa mkononi mwangu. Mwishowe kafungua mdomo, maana alikuwa na njaa.