Kilichobaki kwenye ini

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Kingi tuko salama, na maharagi imeota vizuri. Baba yako anakula. Jana aliomba sombe yangu ya majani ya mihogo mara mbili.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nilinyamaza wakati munganga wa hospitali alisema ule uvimbe kwenye ini la baba yako umepungua. Niliogopa, mutoto wangu.

Kaka yangu Safari, zamani tukiwa Mpofi, alikuwa na uvimbe kwenye ini vilevile, wakamupasua. Akarudi, akanenepa, akacheza kwenye ndoa yangu. Siku moja tukichimba mihogo, alishika mukono wangu akauweka chini ya mbavu zake.

“Dada, iko hapa tena. Usimuambie mama.”

Sikumuambia. Tulipomurudisha hospitali, macho yake yalikuwa yamekwisha kuwa ya manjano, na hawakuweza kumusaidia.

Sasa wewe unayesoma udaktari umenieleza kwamba kuna seli za shina, chache sana, zinazoweza kuponyoka dawa na kuzaa kansa upya. Njo hizo ninaziogopa, maana muntu anaweza kunenepa nazo ndani.

Baba yako alikuwa anasema amepona, hatarudi tena hospitali kupigwa ekografi, ile picha ya kuangalia ini. Jana nikamuelezea habari ya Safari, ambayo sijawahi kuambia muntu. Akauliza, “Mama, utanisindikiza?”

Tunashuka Goma Jumatatu. Uje utungoje kwenye mulango wa hospitali, mujukuu wangu, uulize munganga yale yote mimi sijui kuuliza. Nitakuwa nimemushika baba yako mukono.

Nyanya yako