Mzee Nassor, Pikipiki Yako Imefika Hatta

Mzee wangu Nassor,

Ni mimi Mercy, yule mlinzi wa jengo kule Al Mankhool. Bado nasimama mlangoni siku sita, na ya saba bado najipaka grisi kwenye banda lako huku Al Warqa.

Ulituacha katikati ya joto, ukaniachia ile pikipiki kuukuu ya Kirusi, yenye kigari ubavuni, injini ikiwa imefumuliwa yote. Nilikukasirikia, Mzee. Nani anakufa na injini mezani? Nilisafisha kabureta zote mbili nikilia, kisha nikazisafisha tena kwa sababu sikukumbuka kama nimezisafisha.

Sasa injini nimeiunga yote, na baridi imeingia, ile tuliyoisubiri mwaka mzima ili twende Hatta, milimani. Mwezi jana mtu wa hoteli alimjia mkeo. Anataka kuinunua aiweke ukumbini, wageni wapige picha nayo. Bi Rukia hakumkatalia. Aliniambia, "Ukiipeleka Hatta ikarudi kwa magurudumu yake, haiuzwi. Ikirudi juu ya lori, khalas, basi, nimechoka nayo."

Ijumaa ya kwanza sikufika hata barabara kuu. Nilipokata kulia kwenye mzunguko, kigari kikainuka juu, nikaparamia ukingo wa barabara. Miaka minne nimekaa humo nikitafuna njugu, wewe ukinipigia kelele, "Egemea ndani, mwanangu!" na mimi nikijiona abiria tu. Kumbe uzito wangu ndio uliokuwa ukikishikilia chini. Sasa nilikuwa kwenye kiti chako, na mahali pangu hapakuwa na mtu. Nilikaa pale ukingoni nikalia kama mtoto, magari yakinipita.

Nilimwambia Bi Rukia ukweli: madigadi ya gurudumu imepinda, na kosa ni langu. Ijumaa iliyofuata nikapakia magunia mawili ya mchele kigarini. Akatoka amevaa sweta lako juu ya baibui.

"Utoe mchele huo. Nitakaa mimi."

Yeye, Mzee! Aliyekataa kukipanda tangu siku ulipokileta nyumbani!

Tulipoanza kupanda mlima, injini ikawa inakohoa. Nikasimama, nikatia ncha moja ya ule mpira wako wa maji sikioni, kwa nyingine nikasikiliza kabureta moja ikivuta hewa, kisha ya pili, kama ulivyonizoesha. Bi Rukia akautaka mpira. Akafumba macho. "Hii ya kushoto inavuta zaidi," akasema. Nikageuza skrubu kidogo tu, na injini ikatulia.

Tulifika kwenye bwawa la Hatta, tukanywa chai ya maziwa, tukarudi bila kusukumwa na mtu. Yule wa hoteli alipopiga simu, Bi Rukia alikuwa bado ana vumbi usoni. "Haiuzwi, baba," alimwambia. "Ijumaa tuna safari."

Nakukumbuka sana, Mzee. Kuna siku nageuka kukuomba spana namba kumi, halafu naichukua mwenyewe. Lakini siku hizi banda lina watu wawili tena, na tunacheka humo.

Pumzika kwa amani, Mzee wangu. Nakuahidi pikipiki yako haitakaa kwenye ukumbi wa mtu. Na nakuahidi jambo lingine, hata kama utanigombeza huko uliko. Jana mkeo aliniuliza klachi ni ipi.

Nitamfundisha.

Mwanao wa bandani,
Mercy