Kidole cha Kuazima

Shoga, uko wapi? Nimetoka shuleni sasa hivi. Nacheka huku machozi yananitoka.

Mwalimu kaniita. Ati binti yangu arudishwe chekechea kwa sababu hajui kumi! Akifika tisa anavuta kidole cha mwenzake wa dawati. Darasa zima limechoka kuvutwa vidole.

Nikasema haiwezekani, huyu kafundishwa na babu yake mwenyewe. Mwalimu akamwita. "Haya, hesabu mpaka kumi." Mtoto akakunja kidole kimoja cha mkono wa kushoto, akahesabu vilivyobaki mpaka tisa, kisha akadaka kidole cha mwalimu. Cha mwalimu, shoga! "Kumi!"

"Na hicho ulichokikunja?"

"Hicho kililiwa na msumeno."

Nikaangua kicheko palepale. Unaukumbuka mkono wa marehemu baba? Fundi seremala wa vidole tisa! Kila jioni alihesabu na mjukuu wake, na wakifika kumi anaazima kidole cha mtoto. Huyu naye akajua ndivyo dunia nzima inavyohesabu.

Nikamweleza mwalimu. Alicheka mpaka akavua miwani. Harudishwi tena, ila azoee kutumia vidole vyake vyote.

Njiani mtoto kaniuliza: "Mama, nikitumia vyangu vyote, babu ataazima kwa nani?"

Nikampa kidole changu. Tumefika nyumbani na bado hajakiachia, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono mmoja.