Siku Baada ya Mashine

Buyenzi, Bujumbura
8 Juni 2025

Kaka Shakuru,

Asalaam aleikum. Hujambo huko? Mgongo wako unapatana na baridi ya Ubelgiji? Sisi Idi imepita salama. Nyama tulipelekewa na majirani, na mvua zimekwisha.

Najua umeshtuka kuona jina langu. Miaka mitano hatujasemeshana, tangu mama azikwe na we hukuja. Namba yako nimepewa na Amira, binti ya shangazi. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu maongezi marefu yananimaliza pumzi.

Mafigo yangu yamekufa, kaka. Yote mawili. Ni tangu Novemba mwaka jana. Kila Jumatatu na Alhamisi nafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, masaa manne. Maji naruhusiwa vikombe viwili kwa siku, na chai inahesabiwa humo humo. Yanayozidi yanabaki mwilini na kupanda mpaka kifuani.

Sikuandikii unihurumie. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu, na Fortunat, mwenye bustani ya muziki kando ya ziwa kule Kinindo, anataka Mabati warudi jukwaani. Ni miaka ishirini na tano tangu mi na we tuanze kupiga roki nyuma ya gereji ya baba, majirani wakisema hao watoto wanagonga mabati, na jina likatushika. Maxime bado ni mtu wetu wa ngoma, ingawa siku hizi ni mwalimu mkuu na ana kitambi. Valéry yupo na besi lake. Sehemu yako ya gitaa inapigwa na bwana mmoja wa Gatumba, anajua, lakini hanijui.

Wote wananiambia naweza. Wanasema kile ambacho mgonjwa anataka kusikia. We ulikuwa unaniambia ukweli mpaka nalia. Nimekutumia rekodi ya mazoezi, tumeichukua kwa simu. Isikilize, halafu uniambie kama bado naweza kuimba mbele ya watu.

Mdogo wako,
Mwanne


Namur
29 Juni 2025

Mdogo wangu Mwanne,

Waaleikum salaam. Nimepata barua yako na nimeshukuru sana. Mi ni mzima. Kazi ni ya ghala, kupanga maboksi, mgongo unalalamika lakini tunakwenda. Pole sana kwa maradhi. Nilikaa siku nyingi sijui nikuandikie nini, unisamehe.

Rekodi nimesikiliza. Sauti yako haijabadilika hata kidogo. Wimbo wa tatu ndio umenimaliza kabisa. Imba, usiwe na wasiwasi. Mungu atakupa nguvu.

Nisalimie Maxime na Valéry.

Kaka yako,
Shakuru


Buyenzi
2 Julai 2025

Kaka,

Salamu nimezipokea, na pole kwa mgongo.

Rekodi ina nyimbo mbili.

Mdogo wako,
Mwanne


Namur
6 Julai 2025

Mwanne, mdogo wangu,

Sina hata haki ya kukuuliza umeamkaje.

Sikusikiliza. Kila jioni nilikuwa naifungua simu, naona alama ya rekodi, naifunga. Niliogopa kusikia sauti ya mtu mwingine ndani ya jina lako. Mwisho nikakuandikia uongo ili mambo yaishe.

Jana nilikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo pale kazini, wenzangu wakiwa wameondoka kula. Nikasikiliza "Mpaka" mara nne na "Udongo Mwekundu" mara mbili. Sasa nakuambia.

Sauti ya juu imeondoka. Usiitafute, haitarudi. Ya chini ipo, tena imekuwa nzito, ina kitu ambacho zamani hukuwa nacho. Tatizo lako ni mwisho wa mistari. Pumzi inaisha kabla ya maneno, halafu unameza neno la mwisho kana kwamba unalionea haya. Mwambie Valéry na yule bwana wa gitaa washushe nyimbo zote, "Mpaka" ishuke zaidi. Kila mstari mrefu ukate mara mbili, gitaa lijibu katikati na we upate nafasi ya kuvuta hewa. Nimekuandikia mahali pa kukata, karatasi nimeipiga picha. Kile kilio cha mwisho cha "Udongo Mwekundu" usikiguse. Mwachie Maxime apige peke yake.

Imba umekaa. Nyimbo tano, si kumi.

Ukifanya hivyo, unaweza. Huu si uongo.

Kaka yako,
Shakuru


Buyenzi
24 Julai 2025

Kaka Shakuru,

Asalaam aleikum. Mgongo vipi? Mi leo nimetoka kwenye mashine, kwa hiyo nivumilie kwa makosa.

Karatasi yako niliichapisha pale mjini. Tumefanya mazoezi mara tatu. Mara ya kwanza yule bwana wa Gatumba alilalamika, akasema nyimbo zimekuwa za wazee. Maxime akamwambia, "Sisi ndio wazee wenyewe. Piga." Mara ya tatu, tulipomaliza "Mpaka", Valéry akaanza kufuta miwani yake. Nikajua wimbo umekaa sawa.

Nilimuuliza Dokta Danielle, anayenitibu, kuhusu tamasha. Ni mtu mkavu, haongei sana. Akasema, "Mi siwezi kukuambia uimbe. Naweza kukuambia siku. Siku moja baada ya mashine kifua chako ni chepesi. Siku ya pili, bado kinavumilia. Siku ya tatu, apana." Tamasha ni Ijumaa na mashine ni Alhamisi. Ni kama walipanga kwa ajili yangu.

Fortunat naye ana wazo lake. Anataka CD yetu ya zamani iwekwe tayari. "Mama Mwanne, we unafungua tu mudomo, CD inaimba. Hakuna mutu atajua." Nilimwambia nitafikiri. Kaka, nikwambie kweli, nilifikiri siku mbili nzima. Kwenye CD ile mi nina miaka ishirini na minane na sichoki. Halafu nikamwambia apana. Nikifungua mdomo halafu atoke yule msichana, mi nitakuwa nimekaa pale kufanya nini?

Nyumba ni kimya. Wapangaji wa chumba cha nyuma walihama. Nikiimba jikoni sauti inanirudia kutoka ukutani.

Mdogo wako,
Mwanne


Buyenzi
15 Agosti 2025, saa sita mchana

Kaka,

Sina nafasi ya salamu ndefu. Umeme umekatika tangu jana na jenereta ya Fortunat haina mafuta. Mji mzima hauna, hata teksi zimelala. Ameahidiwa mafuta kesho. Tamasha limesogezwa Jumapili saa kumi.

Jumapili ni siku ya tatu.

Mwanne


Namur
15 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Usiende. Dokta amekuambia. Nilikuambia unaweza, nilisema hivyo kwa ajili ya Ijumaa. Mwambie Fortunat asogeze tena, au wapige bila we.

Nijibu.

Kaka yako


Namur
16 Agosti 2025

Mwanne, nimepiga simu mara sita. Najua unaiona. Kama umekasirika, kasirika, lakini nijibu.

Kaka yako


Namur
18 Agosti 2025

Mdogo wangu, Amira naye hapokei. Nimemaliza zamu bila kujua nimepanga maboksi wapi. Niandikie neno moja tu.

Kaka yako,
Shakuru


Bujumbura, hospitalini
28 Agosti 2025

Kaka Shakuru,

Asalaam aleikum. Niko hai. Nisamehe kwa kukuweka roho juu. Amira nilimkataza kukuambia, usimlaumu. Nilitaka nikuambie mwenyewe, na mpaka juzi nilikuwa siwezi kushika simu.

Jumamosi sikunywa karibu kitu, nililamba vipande vya barafu vya kwa jirani mwenye friji ya sola. Jumapili asubuhi nilijipima kwenye mizani ya duka la dawa. Kilo tatu juu ya Alhamisi. Kilo tatu za maji, na miguu imevimba mpaka viatu vilikataa. Niliimba nimevaa kandambili, kaka. Mwimbaji wa roki na kandambili za bafuni.

Nilijua. Nisikudanganye kwamba sikujua. Lakini kama ningesema tusogeze tena, Maxime anarudi shuleni, Valéry anakwenda Uvira kwa binti yake, na mi kila mwezi nazidi kupungua. Nilijiambia, hii ndiyo siku iliyopo.

Watu walikuwa labda sitini. Viti vilipangwa mia tatu. Wengi walikuja Ijumaa wakakuta giza, hawakurudi tena. Waliobaki ni vijana waliokuja kunywa, hawatujui, na wazee wachache wa mtaani kwetu waliokaa mbele kama wako kwenye hotuba.

Tulianza na "Mpaka". Nilikaa, nikashika maiki kwa mikono miwili. Na ikatoka. Ilitoka yote, kaka, mahali pote ulipokata nilipata hewa, na maneno ya mwisho niliyasema mazima, sikumeza hata moja. Dakika nne. Ndani ya dakika hizo sikukumbuka kama nina ugonjwa. Kijana mmoja aliyekuwa anaangalia simu yake aliinua kichwa na hakukishusha tena.

Wimbo wa pili nilifika katikati. Kifua kikajaa, nikawa kama mtu anayevuta hewa kupitia kitambaa kilicholowa. Wa tatu sikuimba, niliyasema tu maneno, nao wakapiga taratibu chini yangu. Nikamwona Fortunat pembeni, mkono uko juu ya mashine ya CD, ananiangalia macho yake yananiuliza. Nikatikisa kichwa. Maxime aliona, akapiga mapigo mawili ya kufunga, na muziki ukasimama.

Makofi yalikuwa ya heshima, kama yale ya harusini baba mkwe akimaliza kuongea.

Nyuma ya jukwaa sikuweza kulala chini wala kukaa. Walinileta hapa kwa gari la mteja mmoja wa Fortunat. Dokta Danielle alikuja siku yake ya mapumziko akaniwekea mashine palepale. Hakunigombeza. Alisubiri mpaka siku ya tano, akasema, "Moyo wako umeumia kwa yale maji. Jukwaa limekwisha, Mwanne." Nikamwambia najua.

Maxime na Valéry walikuja mara mbili. Mara ya pili walikaa vibaya kwenye viti, nikajua wana neno. Wamempata msichana, anaitwa Christa, ana miaka ishirini na tatu, sauti ya juu anayo. Nikawaambia wamfundishe "Mpaka" kama tulivyoipiga Jumapili. Niliwaambia kwa moyo mweupe. Walipoondoka niligeukia ukutani.

Tangu hapo hawajarudi. Watu wanakuja kumwona mtu atakayeimba tena. Asiyeimba tena hawajui wamwambie nini.

Uliniomba mara nyingi nijibu. Jibu langu ndilo hili. Nilikuwa naweza, dakika nne. We ndiye uliyezitengeneza, na nilitaka uwepo.

Mdogo wako,
Mwanne


Namur
4 Septemba 2025

Mdogo wangu Mwanne,

Alhamdulillah. Nimeisoma barua yako nimesimama kituo cha basi, mabasi mawili yakapita.

Umeniandikia ukweli wote, na mi nina wa kwangu. Mama alipofariki sikuwa na karatasi za kusafiria. Hilo unalijua. Ambacho hujui ni kwamba karatasi nilizipata mwaka 2022. Miaka mitatu ninazo kwenye droo. Ningeweza kuja. Kila nikifikiria kuingia kwenye ile nyumba na kukuta kitanda cha mama kimeondolewa, na we unaniangalia, niliona bora useme sina njia. Nilipoondoka mwaka wa vurugu, 2015, nilikuambia narudi baada ya wiki mbili. Gitaa niliuza hapa mwaka wa kwanza. Sijapiga tangu hapo, ile karatasi niliyokutumia niliipanga kwa vidole juu ya meza.

Sitakuomba unisamehe kwa simu. Nakuuliza tu kama naweza kuja. Ukisema apana nitaelewa.

Kaka yako,
Shakuru


Buyenzi
9 Septemba 2025

Kaka Shakuru,

Waaleikum salaam, ingawa safari hii umesahau kunisalimia.

Nimerudi nyumbani. Natembea mpaka mlangoni na kurudi. Suala la karatasi limeniuma, sitakuficha. Nilikasirika siku tatu, halafu nikachoka. Hasira nayo inataka pumzi.

Kitanda cha mama kipo. Nakilalia mimi.

Ukitaka kuja, usije kwa ajili ya kunizika, wa kuzika watakuwepo wengi. Njoo siku ya kawaida. Njoo Alhamisi. Alhamisi saa moja asubuhi nafungwa kwenye mashine mpaka saa tano. Kila mgonjwa ana mtu wake, mke, binti, dada, wanawapangusa jasho, wanawasomea. Wauguzi wanaweka mikoba yao kwenye kiti changu cha pembeni kwa sababu wanajua hakuna mtu. Njoo ukae hapo. Hata tusipoongea.

Mdogo wako,
Mwanne


Bujumbura, mapokezi ya hospitali
25 Septemba 2025, saa moja na nusu asubuhi

Mdogo wangu,

Asalaam aleikum. Nimefika jana, nililala kwa Amira, sikutaka kukuamsha. Mlinzi amenipeleka kwa muuguzi wa mapokezi, anasema umeshafungwa kwenye mashine na simu yako iko mezani, basi soma hii kabla sijaingia usije ukashtuka. Nimezeeka, nywele zimeisha.

Muuguzi ameniuliza mi ni nani kwako. Akafungua faili lako anitafute. Pale panapoandikwa ndugu wa kuitwa palikuwa patupu. Nimemwomba kalamu. Sasa napewa koti la kuvaa na mifuko ya viatu. Mwambie aondoe mkoba kwenye kiti.

Kaka yako,
Shakuru