Sahani ya Kwanza

3 Machi

Shikamoo dada,

Hujambo wewe na shemeji? Goti lako je? Mimi ni mzima wa kushika kalamu, basi. Mimba imeingia mwezi wa nne na kizunguzungu kimenirudia, kama kwa ile iliyotoka. Kliniki wameniangalia macho wakasema damu ni kidogo mno, nisipokula vizuri nitampoteza na huyu.

Unaujua mgahawa wa mume wangu: vyakula vya Asia, tambi, wali mweupe, tofu ya maharage ya soya, mboga za kukaanga. Wateja wanakula, kisha yeye, kisha mimi na mama mkwe tunakwangua karai, wali mkavu na sosi ya soya iliyobaki chumvi tupu. Jana niliomba yai. Akanirushia mwiko wa chuma, ukanipasua nyusi. Usihangaike, bado ninayo nyingine.

Mdogo wako

10 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Goti halijambo. Barua yako nimeisomea wodini, na mimi, mkunga mzima, nimeshindwa kushika sindano kwa hasira.

Chakula cha hapo si kibaya, ila wewe unakula mabaki yake. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, zipite tu kwenye karai. Robo tofu au dengu. Robo wali, na ukipata mchele usiokobolewa ni bora zaidi. Kamulia ndimu, inausaidia mwili kuongeza damu. Sosi iwe matone tu, presha isije ikapanda. Chai usinywe pamoja na chakula, inazuia damu kuongezeka. Na pakua chako kwanza, kabla sahani ya mteja haijatoka. Akiinua mkono, ondoka.

Dada yako

29 Machi

Shikamoo dada,

Habari za huko? Huu ni mwandiko wa mkono wa kushoto, uvumilie.

Nilipakua kwanza. Akaja juu kama moto wa kifuu. "Unakula kabla yangu, wewe nani?" Akanipiga mkono wa kulia kwa karai tupu mpaka nikasikia mfupa ukivunjika. Mama mkwe alikuwa akimenya vitunguu, hakuinua macho.

Nilipojifunga mkono kwa kitambaa nikapakua tena. Hasira ilizidi woga. Akamwaga sahani sakafuni, akanikandamiza uso juu yake kwa kiatu. Nikala, dada. Mboga, tofu, na ndimu yake. Nilipoinuka damu ya pua ilikuwa imechanganyika na sosi, nikamwambia nimeshiba.

Umesema niondoke. Funguo za mlango anatembea nazo; hata barua hizi mteja mmoja ndiye anayenipitishia.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa sina hamu ya salamu. Jumamosi nakuja na kaka yetu mchinjaji, na hatuji kunywa chai. Mpaka hapo usimjibu. Usipakue kwanza. Kula mabaki, nakuomba, na ukae mbali na jiko.

Dada yako

5 Aprili

Shikamoo dada,

Jumamosi msiende mgahawani. Njooni kituo cha polisi.

Barua yako niliisoma, nikashindwa kuitii. Nilipakua. Akanipiga teke la tumbo. La pili sikulisubiri. Mafuta ya kukaangia tofu yalikuwa yanachemka, nikammwagia kifuani. Yuko hospitali, wanasema atapona. Nikikwambia najuta nitakuwa nakudanganya.

Hapa tunapewa wali mweupe na chai. Chai naiacha. Leo asubuhi mama mkwe amekuja na sahani iliyofunikwa. Nikajua ni sumu. Akaonja kijiko mbele ya askari, akanisogezea. Mboga, dengu, wali kidogo, vipande vya ndimu. Kumbe alikuwa akinitazama siku zote.

Nikamuuliza mwanawe anaendeleaje.

"Analia," akasema. "Polisi nimewaeleza nilichokiona, na lile teke pia." Akaufuta ukingo wa sahani kwa khanga yake. "Hii nimeipakua kabla ya mteja yeyote. Kula."

Nikamwambia sili peke yangu. Tumekula wote wawili, yeye akilia.

Mtoto anacheza tangu mchana. Ukija, niletee ndimu.

Mdogo wako